Njia ya Nne

Uwanja ule wa Saltley, jijini Birmingham, ulikuwa na njia sita, nasi tulikimbia katika tano. Njia ya nne ilibaki tupu. Mpanga Viunzi aliichambua kwa reki kama zile nyingine, akaishindilia kwa rola, akaichorea mistari ya chokaa iliyonyooka, akaipangia viunzi vyake kumi, kisha hakumruhusu mtu yeyote kuikanyaga. Mgeni akijipeleka pale aliguswa begani na kusogezwa, bila maelezo. Sisi wanachama wa zamani, yaani wa miezi mitatu na kuendelea, tuliwaambia wageni kwamba chini yake limepita bomba bovu na ardhi imelainika. Aliyeanzisha habari za bomba simjui. Mimi nilizisimulia mara nyingi na kila mara niliongeza kitu, mpaka bomba langu likawa limefukiwa tangu karne iliyopita na limewahi kummeza farasi.

Simtaji jina kwa sababu hakupenda litajwe. Waingereza wa klabu yetu ya riadha walimwita Mjerumani. Katibu alimwita mtunza uwanja, ambayo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mimi na rafiki yangu Jaswant tulimwita Mzee, na baada ya mwaka mmoja akawa anaitika. Lakini nikimkumbuka peke yangu namwita Mpanga Viunzi, kwa kuwa sijapata kumwona mtu mwingine akifanya kazi ndogo kwa uzito kama ule. Alipokuwa kijana, kati ya vita viwili vikuu, alikuwa mmoja wa warukaji viunzi wazuri wa Ujerumani. Hilo tulilijua. Uzuri wake ulifika wapi hatukujua, na aliyeuliza alipewa reki.

Sharti nieleze nilifikaje mbele ya kiunzi, maana umbo langu halielezi. Niliingia Birmingham kusoma historia mwaka ule ambao wanariadha wa Kenya walirudi kutoka Mexico na medali shingoni. Katika chai moja ya kuwakaribisha wanafunzi wa kigeni, bwana mmoja mpole mwenye kiko aliniuliza ninatoka nchi gani. Nikamwambia Kenya. Macho yake yakashuka polepole mpaka miguuni mwangu. Alikuwa katibu wa klabu ya riadha. Hapo nilipaswa kumwambia kwamba mimi ni mtu wa Voi, kwamba mabingwa wale walitoka nyanda za juu, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu, na kwamba mara ya mwisho nilipokimbia nilikuwa nawahi treni, nayo iliniacha. Badala yake nilimwambia kwamba nimepumzika kidogo kwa ajili ya masomo.

Jaswant alinigundua kabla sijavua koti. Alikuwa Singasinga wa Nakuru, mtoto wa fundi wa reli, aliyeingia Uingereza mapema mwaka huohuo, wakati jamaa wengi wa Kihindi kutoka kwetu walipokuwa wakigombania viti vya ndege kabla Uingereza haijawafungia mlango kwa sheria. Mchana alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kuyeyusha chuma, jirani na uwanja, na jioni alikimbia. Nakuru shuleni hakuna aliyempita katika viunzi, na Saltley pia hakuna aliyempita. Alinitazama nikijinyoosha, akanisogelea, akasema kwa Kiswahili safi cha Bonde la Ufa: "Wewe ni Mkenya na hujui kukimbia. Pole sana, Bingwa." Jina likanikaa. Tulipojua kwamba sote tumepanga Sparkbrook, barabara mbili tu kutoka Ladypool Road, tukawa tunarudi pamoja, yeye akinitania kwenye basi la kwanza, nami nikimjibu kwenye la pili, kwa kuwa akili yangu nayo haikuwa na mbio.

Mpanga Viunzi alichukua muda mrefu kidogo kunigundua. Alisubiri niruke kiunzi kimoja. Alikuja akasimama kando yangu, akakitazama kile kiunzi kana kwamba ndicho kilichoumia, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba kiunzi ni cha kupita juu yake ukiwa bado unakimbia, na mimi ninakikalia. Tangu hapo nikawa Bwana Kiti. Aliwaita watu kwa makosa yao. Jaswant alikuwa Bwana Mkono kwa sababu mkono wake wa kushoto ulibaki nyuma anapovuka, na kwa miaka miwili sikumsikia akimsifu zaidi ya kusema kwamba leo mkono haukuwa mbaya sana. Siku ile ya kwanza aliniuliza pia kwa nini nimekuja, maana ni dhahiri sipendi. Nilimwambia ukweli, kwamba nilishindwa kumkatalia katibu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo sahihi.

"Watu wengi," alisema, "wamefika mahali kwa njia hiyo."

Upangaji wake ulichukua saa nzima. Vijana wa klabu wangeweza kuumaliza kwa dakika kumi, na mara moja alipougua waliumaliza kwa dakika kumi, akaja kesho yake akavipanga upya bila ya kuwapo mtu wa kukimbia. Alikuwa na waya mrefu wenye pete za shaba, pete moja kwa kila kiunzi. Aliufunga mwanzoni, akauvuta, akapiga magoti kwenye majivu ya makaa yaliyotandazwa njiani, akaweka kila mguu wa kiunzi mahali pake, kisha akakipiga ubao wa juu kwa kiganja na kusikiliza kama kuna skrubu iliyolegea. Mvua haikumwondoa. Magoti ya suruali zake zote yalikuwa meusi.

Katika miaka ile riadha ya Uingereza ilikuwa inahama kutoka yadi kwenda mita, na kamati ilimnunulia utepe mpya wa kupimia ili aachane na ule waya. Aliupokea kwa adabu. Kisha akatuita wote, akaulaza utepe kando ya waya kati ya kiunzi na kiunzi, akatuonyesha kwamba nafasi ni ileile, yadi kumi, hata ukiiandika kwa mita itasomeka vibaya lakini haitasogea. Hatua za mkimbiaji kati ya viunzi zilikuwa tatu na zitabaki tatu. Utepe aliufungia mlango wa kibanda uliokuwa ukipigwa na upepo.

Alipenda kutusimulia viunzi vya ujana wake. Vilikuwa vizito, vya miguu iliyotokeza mbele na nyuma, ukikigonga hakianguki upesi kama hivi vya sasa, kinakuumiza kwanza. Na sheria zilikuwa kali: ukiangusha vitatu unaondolewa, na ukiangusha hata kimoja, muda wako hauandikwi kuwa rekodi, ungekuwa umekimbia kama upepo. Haya aliyasema kwa raha, akituonyesha kwa mikono. Tuliyachukua kuwa elimu ya ufundi tu.

Sasa nieleze yale ambayo hayakupatana ndani yake. Mtu huyu aliyepima kila kitu hakukubali kushika saa ya kupimia mbio. Kazi hiyo aliwaachia wengine, na wakati namba zikisomwa alikwenda kando kuokota majani. Aliyekuwa na mikono ya upole kwa mbao alikuwa na ulimi mkavu kwa watu. Koti lake angemwazima mtu yeyote, reki yake hapana. Uwanja wake ulikuwa safi, lakini chumba chake, juu ya duka moja karibu na Alum Rock Road, kilikuwa na mashati juu ya kitanda, mkate dirishani, na ukutani hapakuwa na picha wala medali. Nilipanda ngazi zile mara moja tu, kumpelekea dawa ya kifua, na nilishuka nikiwa nimefarijika kwamba kuna mtu anayeishi vibaya kuliko mimi. Jaswant alimletea jalebi kutoka Ladypool Road kila Alhamisi. Alizila zote huku akilalamika kwamba ni tamu mno na zinamchafua vidole.

Na kulikuwa na jambo la historia yake. Kwa kuwa alikuwa Mjerumani, mkimya, na hakuwa na jamaa, watu wema wa mtaa waliamua kwamba alikuwa mmoja wa wale waliofukuzwa na serikali ya kwao zama za vita. Mimi pia niliamua hivyo, nami nilikuwa nasomea historia. Akina mama wa kanisa moja walimwalika jioni moja azungumze juu ya mateso aliyoyapata. Mimi na Jaswant tulikwenda kumsikiliza, tukakaa nyuma karibu na birika la chai. Alisimama, akakunja karatasi aliyopewa yenye maneno ya kumkaribisha, akasema kwamba wamekosea mtu. Hakufukuzwa. Alivaa sare kama wengine, akatekwa vitani, akaletwa Uingereza kama mateka, na vita vilipokwisha akaona hana la kurudia. "Wale mnaotaka kuwasikia walikuwa wengine," alisema. "Mimi nilikuwa karibu nao. Basi." Kisha akaomba chai.

Nusu ya watu wa ukumbini walimwonea huruma zaidi na nusu wakaanza kumwogopa. Njiani Jaswant aliniuliza mimi, mtaalamu wa historia, mzee huyu yuko upande gani. Nikatoa hotuba ndefu iliyomaliza basi lote la kwanza. Jaswant alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo hujui, Bingwa."

Nilikuja kujua Alhamisi moja ya kiangazi.

Klabu ilikuwa ichague timu ya kwenda kwenye mashindano ya jimbo, Jumamosi, katika uwanja mkubwa upande wa pili wa jiji. Nafasi ya viunzi ilikuwa moja. Wakati huo Jaswant alikuwa akinipita kwa umbali wa kiunzi kizima, na wenzetu wawili wengine walinipita pia. Orodha ilipobandikwa, kwenye mbio za viunzi palikuwa na jina langu. Jaswant aliisoma, akasoma tena, akasema, "Hongera, Bingwa," bila kunitazama, akaenda kuchukua nguo zake. Mbio hizi alizitaka. Alikuwa amebadilishana zamu kiwandani kwa wiki sita ili apate Jumamosi ile, na nduguze walikuwa wanakuja kutoka Southall, kule London, kumtazama.

Katibu alinivuta pembeni. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Jaswant ana kasi, alisema, hakuna anayebisha, lakini mavazi ya klabu hayataji kitu cha kichwani, na kile kitambaa anachofungia nywele kinaweza kuleta maswali kwa waandalizi. Katika mji jirani watu walikuwa wamebishana miaka miwili juu ya vilemba vya madereva wa mabasi, na yeye hakutaka klabu iingie huko. Halafu, akaongeza akitabasamu, gazeti la jioni limeulizia kuhusu mkimbiaji wetu kutoka Kenya.

Nilimwambia naelewa. Ndilo neno nililolisema. Nimelitafuta lingine la kuweka mahali pake katika kumbukumbu, silipati.

Mpanga Viunzi aliniita kibandani. Alikuwa amekaa juu ya kreti akikaza skrubu ya kiunzi, na hakuinua uso. Alisema kwamba kwenye klabu yake kulikuwa na warukaji wawili, yeye na mwenzake. Walifanya mazoezi pamoja kwa miaka sita, wakatumia mafuta mamoja ya misuli, taulo moja. Mwenzake alikuwa na kasi zaidi.

"Si kidogo," alisema. "Zaidi. Na alikuwa Myahudi. Wiki ya mashindano makubwa jina lake likafutwa, likaandikwa langu. Hawakubadilisha hata njia. Yake ilikuwa ya nne."

Nikamwuliza alifanya nini.

"Nilikimbia."

Akaijaribu skrubu kwa kidole. Akasema nisije nikadhani kuna aliyemtishia. Vitisho vilikuja baadaye, vingi, lakini siku ile havikuwapo. Angekataa, wangemnunia, angekosa mbio moja. Alipita viunzi vyote kumi bila kugusa hata kimoja, na muda wake ulikuwa mzuri kuliko wote aliowahi kupata kabla ya hapo au baadaye. Mwenzake alikuwa amekuja kutazama, amesimama kwenye uzio. Yeye alitaka kwenda kumwona, lakini watu walikuwa wengi wakimpa mkono, na alipomaliza kupeana mikono uzio ulikuwa mtupu. Hawakuonana tena.

"Nimetamani sana," alisema, "ningekuwa nimeangusha hata kimoja."

Ndipo akainua uso. Akaniambia kwamba leo ni Alhamisi, mbio ni Jumamosi, na mimi nina siku mbili. Yeye alikuwa nazo tano.

Nilitoka pale nikiwa mtu mwadilifu. Ijumaa asubuhi niliandika hotuba ya kumkatalia katibu, kwa Kiingereza ambacho chuo kikuu kingejivunia, na jioni nilipanda basi kwenda kwake, nje ya mji kwenye nyumba zenye bustani, nikiirudia midomoni. Alinifungulia mkewe. Alikuwa ameoka keki ya limau. Watoto wao wawili walileta ramani ya Afrika nikaombwa nionyeshe kwetu. Voi haikuwamo, nikaweka kidole mahali ambapo ingekuwa. Katibu alikuwa na furaha ya kweli kuniona. Nilikula vipande viwili vya keki, nikashukuru kwa vyote viwili, nikarudi Sparkbrook na hotuba yangu mfukoni.

Mbio zenyewe si za kusimulia kwa urefu. Mpanga Viunzi hakuja. Kiunzi cha tatu nilikigonga, cha tano kikaniangusha kifudifudi, na mwandishi wa gazeti la jioni, nilivyoambiwa, alifunga daftari lake. Nilipoinua kichwa nilimwona Jaswant kwenye uzio. Alikuwa amevaa koti lake zuri na kilemba cha rangi ya bahari, peke yake, bila nduguze. Kati yangu na yeye palikuwa na hatua thelathini hivi. Lakini watu walinijia na blanketi, na maji, na maneno ya kunifariji, nami nilimjibu kila mmoja kwa adabu niliyofunzwa nyumbani. Nilipomaliza, uzio ulikuwa mtupu. Kisa hicho nilikuwa nimeshasimuliwa hadi mwisho wake, siku mbili tu kabla.

Jaswant hakurudi klabuni. Tulizidi kukutana, kwa sababu Sparkbrook ni ndogo kwa wanaokwepana. Kwenye duka la mboga alinisalimia vizuri, "Habari za leo, bwana," akauliza masomo, akaaga. Hakuniita tena Bingwa. Ungekuwa unapita, ungesema hawa ni majirani wanaoheshimiana.

Mpanga Viunzi hakunilaumu. Mwezi ule mmoja niliobaki klabuni aliendelea kuniita Bwana Kiti na kunisahihisha goti. Siku yangu ya mwisho nilimwuliza kwa nini basi anaichora njia ya nne, kama hakuna atakayeikimbia. Alinijibu kwamba mtu huweka tayari njia kwa anayeweza kuja. Nilisubiri aseme zaidi. Akanipa reki.

Miaka ikapita kwa namna inavyopita kwa watu waoga, yaani vizuri tu. Nilipata kazi ya kufundisha chuoni, nikaoa, nikanenepa. Jaswant aliacha kiwanda, akafungua gereji nyuma ya Stratford Road. Mara mbili nilipeleka gari langu bovu gereji ya mbali iliyonitoza zaidi, ili nisisimame mbele yake. Uwanja wa Saltley ulifukuliwa ukawekwa kitu kingine, na mtunza uwanja, nilisikia, alistaafu kwa sababu ya maumivu ya nyonga.

Habari zake nilizipata kanisani, mwishoni mwa miaka ya sabini, kutoka kwa Sista Mwikali. Huyu ni muuguzi wa Machakos aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya wazee kule Lozells, na kila Jumapili baada ya ibada alitusimulia vituko vya wiki. Alisema ana mzee mmoja Mjerumani, msumbufu kweli, asiyeitika kwa jina lake lakini ukimwita Mzee anageuka. Nani alimfundisha neno hilo? Na kwenye chumba cha kulia ana meza yake dirishani, ya viti vinne. Kila asubuhi anavisogeza, anapiga hatua, anapima kwa kiganja. Viwili vya ubavuni anakaa yeyote. Kile kinachomkabili hataki kikaliwe.

"Juzi bibi mmoja alijaribu," Mwikali alisema. "Alimgusa bega, akamhamisha. Hakusema kitu. Nikimwuliza kwa nini, ananiambia hicho cha nne kina mwenyewe."

Nilikwenda kesho yake, baada ya vipindi vyangu. Alikuwa amepungua, mifupa ya mabega imetokeza kwenye sweta, lakini magoti ya suruali yalikuwa safi, na hilo ndilo lililonistua. Alinitambua mara moja. Nilikaa kiti cha ubavuni. Hakuuliza habari za kazi wala za watoto.

"Umemwambia?"

Miaka tisa ilikuwa imepita, na wala sikujifanya sijui anamsema nani. Nilijibu kwamba bado.

"Yu hai?"

Nikasema yu hai. Yuko Sparkbrook, ana gereji. Akauliza ni mwendo gani. Nikamwambia mabasi mawili.

Kisha akanieleza, kwa sauti ileile ya kueleza skrubu na yadi, kwamba baada ya vita aliandika barua kwa ofisi zote zilizokuwa zikitafuta watu. Aliandika kutoka kambini, na kutoka shamba alilofanyia kazi, na kutoka chumba kile cha Alum Rock Road. Mwisho alijibiwa. Jina lilikuwa kwenye orodha, na ile haikuwa orodha ya walio hai.

"Wangu nilimtafuta kwenye orodha," alisema. "Wako ni mabasi mawili."

Sikurudi nyumbani. Nilipanda basi la mjini, nikabadilisha, nikashuka Stratford Road nikiwa sina hotuba yoyote. Jaswant alikuwa chini ya gari akigonga kwa nyundo, miguu nje. Niliiambia ile miguu habari yote, kwa kuwa nilijua akitoka nitaomba radhi kwa jambo jingine: kwamba katibu alinieleza sababu, kwamba nilisema naelewa, kwamba Mzee alinionya na kunisimulia yake, kwamba nilikwenda kukataa nikala keki. Ilipofika keki, nyundo ilinyamaza. Akajivuta nje. Ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi na mikono ilikuwa myeusi hadi viwiko.

"Keki ya nini?"

"Ya limau."

Alijifuta kwa kitambaa kidole kimoja kimoja. Alisema kwamba miaka yote hii alidhani sikujua. Mkewe hunitazama dukani akasema, huyo ndiye aliyekuchukulia mbio zako, naye humkatiza: yule ni mjinga tu wa vitabu, aliona jina lake akafurahi, hakujua kitu.

"Nimekutetea miaka tisa ndani ya nyumba yangu," alisema. "Sasa mke wangu ameshinda."

Hakuniambia yamekwisha, wala hakunifukuza. Alirudi chini ya gari, akagonga kidogo, kisha sauti yake ikauliza Mzee yuko wapi, na kama bado anakula jalebi.

Jumapili tulikwenda. Safari nzima hakuzungumza nami ila kuuliza kituo cha kushukia. Alikuwa amevaa kilemba cha rangi ya bahari, sijui kama ni kilekile, na mkononi ana boksi la jalebi lililofungwa kwa uzi. Sista Mwikali alitupokea mlangoni, akatutangulia na trei ya chai hadi kwenye chumba cha kulia.

Mpanga Viunzi alikuwa mezani pake, anatazama nje. Wazee wawili waliokaa ubavuni walikuwa wanamalizia supu. Nilipaswa kumwonya Jaswant, na safari hii nilikuwa tayari kabisa kusema, lakini alikuwa na haraka kunishinda, kama siku zote. Aliweka boksi mezani, akavuta kiti cha nne, akakaa.

Mwikali akasimama na trei yake. Mmoja wa wale wazee akashusha kijiko.

Mpanga Viunzi aligeuka. Alikitazama kiti, akamtazama aliyekikalia, kilemba, ndevu za mvi, na mkono wa kushoto uliokuwa umening'inia nyuma ya kiti kama zamani. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Bwana Mkono," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

Akainama, kwa shida, mkono mmoja ukishika meza. Akaushika mguu wa kile kiti na Jaswant akiwa juu yake, akausogeza upana wa kidole, mpaka uliponyooka. Akaupiga ubao wa kiti kwa kiganja, akasikiliza. Kisha akafungua boksi, akachukua jalebi moja, akasema ni tamu mno.

Mimi, Bwana Kiti, nilikuwa nimesimama. Hakuna aliyeniambia nikae, nami sikutafuta pa kukaa.